Sauti ya Birika Usiku

Siku hizi ninaamka mara tatu. Mara ya kwanza jogoo bado hajafikiri kitu chochote, mara ya pili mbwa wa mtaa wamekwisha kunyamaza, mara ya tatu ni karibu na adhana na hapo kurudi kulala hakuna faida tena. Muganga wa hopitali ameniambia kwamba mwanaume wa umri wangu ana tezi ndogo chini ya kibofu ambayo inaanza kunenepa wakati mwenyewe anakonda. Inabana njia ya mkojo, kibofu hakimaliziki, na baada ya saa mbili kinadai tena. Akaongeza kwamba hata ile chai ninayokunywa kabla ya kulala ina hatia yake. Nikamwambia chai ile ndiye rafiki aliyenibakia. Hakucheka. Aliuliza mara ngapi kwa usiku, nikasema tatu, akaandika tatu. Ni swali dogo sana. Maishani mwangu nimeshindwa kulijibu mara moja tu, na ndiyo sababu leo ninalala peke yangu.

Kwetu Kasongo mutu hatoki nje peke yake usiku. Sababu ni nyingi na kila nyumba ina yake: nyoka, wachawi, na miaka hii watu wenye bunduki wasiopiga hodi. Bafu letu la mianzi liko nyuma ya nyumba, choo kiko mbali zaidi, chini ya migomba. Kwa hiyo anayebanwa anamwamsha mwenzake. Mwenzake hamfuati mpaka kule, kuna heshima. Anasimama kwenye mlango wa jikoni, na kila baada ya muda kidogo anakohoa. Kikohozi kile si cha ugonjwa. Kinamwambia aliye gizani kwamba niko hapa, maliza polepole. Kinawaambia na wengine wote walio nje, wenye miguu na wasio na miguu, kwamba huyu ana mtu wake. Mama yangu alinikoholea mimi, na mimi nikawakoholea wadogo zangu. Usiku wa kwanza wa ndoa yetu bibi yangu alinigusa bega, akasema kwa aibu, "Unikoholee." Kwetu ndoa ni hiyo. Yale mengine ni sherehe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa darasa, tulipopata diploma ya serikali, walikwenda Bukavu, walikwenda Lubumbashi, wengine walikwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Mimi nilikwenda mbele ya nyumba ya baba yangu, nikatoboa ukuta, nikaweka dirisha, nikaanza kuuza sukari, chumvi na sabuni. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kabambare, na nilifika huko kwa sababu huko ndiko alikokuwa yeye. Niliporudi naye nikatangaza kwamba sitasafiri tena. Neno hilo nimelishika. Kipaji changu cha pili ni usingizi. Diploma niliipata kwa shida, baada ya kurudia mwaka, lakini katika kulala ningekuwa profesa.

Yeye alisema wanaume wa Kasongo wanazaliwa wameketi. Mimi nilisema watu wa kwao Kabambare wanatwanga muhogo hata ndotoni, ndiyo maana wanaamka wamechoka. Tuliishi hivyo karibu miaka thelathini. Baada ya kula, utani ndio uliokuwa kazi yetu. Ninaeleza haya ili ijulikane kwamba nililolifanya sikulifanya kwa ubaya. Ninajua hayo hayapunguzi kitu.

Watoto wote walikuwa wamekwisha kutoka, nyumba imebaki na sisi wawili, alipoanza kuamka. Kwanza ilikuwa mara moja kwa usiku, halafu mbili, halafu sikuhesabu. Ananigusa bega. Ninainuka macho yamefungwa, ninaegemea mlango wa jikoni, ninakohoa. Kuna usiku nililala nimesimama mpaka yeye ndiye akanirudisha kitandani kwa mkono. Nikamwambia, "Umemeza Lualaba yote. Waachie wavuvi wa Nyangwe kidogo." Juma la kwanza alicheka.

Mwezi ule mdogo wake alikuja na mume wake kutoka Kabambare kutusalimia. Tulikaa jioni, wali upo, sombe ipo, samaki yupo, na mimi mbele ya wageni sijui kunyamaza. Nikawaambia kwamba dada yao amerudi utotoni, na kama mambo yakiendelea hivi nitamtandikia mpira kitandani kama mtoto mchanga. Shemeji yangu alicheka mpaka akakabwa na wali. Bibi yangu alicheka pia. Akainuka kwenda kuleta maji ya kunawa, na akakaa jikoni muda mrefu kuliko yanavyohitaji maji ya kunawa.

Usiku ule hakunigusa bega. Asubuhi niliamka nimelala vizuri, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tangu siku hiyo alikuwa anatoka mwenyewe. Aliunyanyua mlango kidogo ili bawaba zisilie. Mara nyingine nilisikia nusu, nikakohoa mara moja palepale kitandani, blanketi juu ya kichwa, nikaona nimetimiza wajibu. Kikohozi cha chini ya blanketi hakifiki bafuni. Hakifiki hata mlangoni.

Alikuwa mwanamke safi, mwenye dini. Kila alipotoka kukojoa alijisafisha kwa maji ya birika. Kwa kuwa birika alikuwa nalo mkononi, alimalizia udhu kabisa. Na kwa kuwa udhu alikuwa nao, alitandika mkeka sebuleni akasali rakaa mbili, halafu akarudi kulala. Hakuamka kusali. Aliamka kukojoa, na sala ikapita katika njia hiyohiyo.

Upande wa pili wa ua wetu anakaa mjane mmoja mzee, mtaa mzima tunamwita Mama Mukubwa. Ua ni wa mianzi, na masikio yake bado ni ya msichana. Asubuhi moja alikuja dirishani kununua sukari, wamama wengine wanne wako nyuma yake, akaniuliza:

"Kwako kuna mutu anatawaza usiku kucha. Ni wewe?"

Wote walicheka, kwa kuwa wote wananijua. Jibu la kweli lilikuwa fupi: bibi yangu anakojoa sana. Lakini mume hataji mkojo wa bibi yake mbele ya wamama, tena dirishani. Utani wa mkojo nilikuwa nimekwisha kuutumia mara moja, na ulikuwa umeniachia kitu kama mfupa wa samaki kooni. Basi nikatafuta utani mwingine. Nikasema mimi ni wa kitandani, mwenzangu ni wa peponi. Yeye anasali usiku kucha, na mimi ninalala kwa ajili yetu wawili.

Walicheka tena. Mama Mukubwa hakucheka. Aliishika sukari yake kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Nilijua."

Mpaka adhuhuri mtaa wote ulikuwa na habari hiyo. Mpaka Ijumaa ilikuwa imefika msikitini kabla yangu, jambo ambalo si gumu.

Wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mama ambaye mume wake alipotelea Salamabila karibu mwaka mzima bila salamu. Alimshika bibi yangu mkono, akamwomba amtaje yule mume katika zile sala zake za usiku. Bibi yangu aliniangalia. Mimi nilikuwa ninapanga sabuni, kazi ambayo ghafla ilitaka macho yangu yote. Majuma mawili baadaye yule mume alifika juu ya pikipiki, amekonda, amefunga godoro jipya nyuma. Kuanzia hapo hakukuwa tena na mtu wa kuuzuia mto. Walikuja wenye watoto wagonjwa, wenye mitihani, wenye wake-wenza.

"Umeniweka wapi, Baba?" aliniuliza jioni moja.

Nikasema nimemweka peponi, anataka wapi tena.

"Umenipandisha mahali pasipo na choo," akasema.

Nilicheka. Ilikuwa nzuri kuliko yangu yote, na nilimpa haki yake. Sikuona kwamba alikuwa ananiambia kitu.

Kuna asubuhi alivaa vizuri akaenda dispanseri ya mtaa, kwa shauri lake mwenyewe, amwambie infirmiye, muuguzi wa pale, juu ya ule mkojo. Njiani wamama watatu walimsimamisha kumwomba dua. Alipofika, waliokuwa kwenye benchi walisimama wote kumpisha. Infirmiye mwenyewe, mtu wa adabu, kabla hajauliza anaumwa nini, alimwomba amkumbuke mtoto wake anayekohoa. Bibi yangu alisema kichwa kinamuuma. Akarudi nyumbani na vidonge vya kichwa. Alinisimulia haya tukicheka wote wawili, na vidonge tukavimeza mimi na yeye, kimoja kimoja, kana kwamba ni pipi.

Alikuwa anakunywa maji kama mtu anayezima moto. Bidoni la maji la asubuhi halikufika adhuhuri. Mchana alisinzia dirishani. Mara moja alimwaga chumvi ndani ya gunia la sukari, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa akinisahihisha mimi. Alikonda, vitenge vikaanza kumzunguka mara mbili. Watu walisema ni ibada inayomchoma, mwili wa mwenye kukesha unakuwa mwepesi. Nami nilijua kinachomwamsha, nikasikiliza maneno hayo, nikaitikia kwa kichwa.

Na kulikuwa na sisimizi. Kila asubuhi, bafuni, kwenye ile pembe ambako alichuchumaa usiku, mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka ukutani na kutulia pale kama wanaokunywa. Nchi hii haina mtu anayewajua sisimizi kuliko mimi. Ninauza sukari, wao ndio wateja wangu wa kwanza kila siku, na hawajawahi kulalamika juu ya kipimo. Nikasema gunia limevuja tulipolipitisha nyuma. Nikamwaga majivu. Kesho yake wakarudi. Nikamwaga majivu tena, na nikamwambia bibi yangu kwamba sukari yetu ni tamu mpaka inawafuata watu bafuni.

Msimu wa mvua aliteleza, usiku, peke yake. Udongo wa pale nyuma ukilowa unakuwa kama sabuni. Hakuita. Nilimkuta alfajiri ameketi kwenye kiti cha jikoni, ameufunga mguu kwa kitambaa. Kidonda kilikuwa kidogo, chini ya kifundo. Alisema amejikwaa akienda kuchukua kuni. Tuliweka majani, tukaweka poda ya vidonge. Kidonda kingine chochote kingefunga kwa juma moja. Kile kilikaa, kikawa kinatuangalia.

Halafu Ramadani ikaingia.

Mgonjwa hafungi, hata mtoto wa madrasa anajua. Lakini ili usifunge kwa ugonjwa ni lazima uwe mgonjwa, na yeye mbele ya watu hakuwa mgonjwa, alikuwa mtu wa sala za usiku. Angeonekanaje anakunywa maji saa sita ya mchana? Wakati wa daku alikunywa kopo baada ya kopo mpaka nikaogopa tumbo lake. Mchana alilala sakafuni kwenye simenti, shavu chini, akitafuta ubaridi. Nilimwambia afungue. Akasema, "Na wamama wakija?" Wale wamama nilikuwa nimewaleta mimi.

Ilikuwa katikati ya mwezi, jioni, baada ya futari. Alitapika, mwili ukawa moto, akaanza kupumua haraka na kwa kina kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva mno. Tulimpandisha kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Mama Mukubwa na wamama wengine walitufuata kwa miguu, na tulipokuwa tunamlaza kwenye kitanda cha dispanseri wao walikwisha kufika mlangoni.

Infirmiye alifanya kazi yake. Alichoma kidole, alipima joto, aliuliza maswali yake moja moja. Ameanza lini? Ametapika mara ngapi? Ana kidonda? Halafu akauliza, "Na mkojo? Anaamka usiku? Mara ngapi?"

Mama Mukubwa alijibu kabla yangu, kwa sauti yenye fahari. "Anaamka, ndiyo. Mara ine, mara tano. Anasali."

Infirmiye aliniangalia mimi, mume. Wamama waliniangalia. Bibi yangu alikuwa amefumba macho, sijui kama alisikia. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, nililisikia uzito wake. Nikafikiri: nikisema sasa, zile dua zote, yule mume wa Salamabila, wale watoto, watasema tumewadanganya, na yeye akipona atapita wapi? Ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba niliona haya kwa ajili yangu mwenyewe.

"Anasali," nikasema.

Akaandika tulichompa. Tone la damu lilionyesha malaria, na kwetu nani asiye na malaria. Akampa dawa inayopewa kila mtu mwenye malaria kali, kinini ndani ya serumu, maji ya kuingiza mshipani, chupa ikaning'inia juu ya mti wake. Ilipokwisha akaweka ya pili. Wakati ule sikujua kwamba maji ya chupa ile ni maji ya sukari. Infirmiye alijua, lakini hakuwa na sababu ya kuyaogopa. Sababu nilikuwa nayo mimi.

Usiku nilikaa kwenye kiti. Chini ya kitanda waliweka beseni kwa ajili ya mkojo. Wakati wa daku nilipowasha tochi nikaona kitu kwenye simenti, kama uzi mweusi, kimetoka chini ya mlango, kimepita kando ya mguu wa kitanda, kimepanda beseni. Nikainama. Walikuwa ni wao, wateja wangu. Nikaangalia huku na huku kwa mazoea, kutafuta ni wapi gunia limevuja.

Hapakuwa na gunia langu pale.

Nilimkuta infirmiye nyuma, anamalizia daku. Nilimwambia yote kwa mara moja, bila mpangilio, kama mtoto aliyevunja chungu: kwamba si sala, ni mkojo, tangu zaidi ya mwaka, na anakunywa maji, na anakonda, na kidonda hakifungi, na sisimizi. Nilipofika kwenye sisimizi aliacha chai yake. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alikwenda kuifunga ile serumu kwa mkono wake mwenyewe, akaita pikipiki twende hopitali kubwa.

Kule walimchoma kidole tena wakapima glisemi, yaani sukari ya damu, kwa kimashine kidogo cha kiganjani. Kimashine hakikuandika namba. Sukari ilikuwa imepita mahali ambapo hesabu zake zinakoma. Wakampa insulini na maji ya chumvi. Muganga, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinieleza wakati tukingoja. Sukari ikizidi katika damu, figo zinaimwaga kwa mkojo, na sukari haiendi peke yake, inaondoka na maji. Ndiyo ule mkojo, ndiyo ile kiu, na kufunga kutwa bila maji kumemkausha zaidi. Akasema kuamka usiku kukojoa kuna sababu nyingi. Mwingine ni tansiyo, yaani damu kupanda, mwingine ni maji ya miguu iliyovimba yanayorudi akilala, mwingine ni uchafu katika kibofu, mwanaume mzee ni tezi, na mwingine ni chai tu. Anayekatwa usingizi hivyo kila usiku anachoka, anasahau, anaanguka gizani. "Mwili haumwamshi mutu bure," akasema. "Muwe mnatuambia."

Muwe mnatuambia. Nilisema ndiyo, mama.

Siku ya tatu alifungua macho akanitambua. Siku ya nne alizungumza. Usiku alitaka kukojoa, na kwa kuwa hakuweza kusimama nilimshikilia mimi, beseni mkono mmoja, mgongo wake mkono mwingine. Katika miaka yote sikuwahi kuwa karibu hivyo, nilikuwa mtu wa mlangoni. Nikamwambia kwamba hatimaye nimepata kazi ya serikali, hopitalini. Alicheka kidogo, kwa pua.

Nilipomlaza nikamuuliza kitu nilichokuwa nikijiuliza. Zile rakaa mbili, usiku baada ya usiku, alikuwa anaomba nini?

"Niliwaombea wale wamama," akasema. "Walikuwa wananiamini. Nisingewadanganya."

"Halafu?"

"Halafu niliomba uamke."

Nilingoja. Kati yetu kulikuwa na utani daima baada ya neno kama hilo; anayesema anaacha kidogo, halafu anaangusha mzaha wake. Niliinamisha kichwa nikiungoja. Alikuwa amekwisha kulala.

Sukari walikuwa wameanza kuiweza, lakini ule mguu ulikuwa umeoza kwa ndani, na sumu ya kidonda ikaingia damuni. Siku ya tisa, baada ya adhana ya alasiri, alifariki.

Mazishi yalijaa. Mwezi mtukufu, walisema, na mwanamke kama yule. Hata siku yake Mungu amemchagulia. Mzee mmoja wa msikitini alisema mbele ya watu kwamba wanaume tujifunze kwake, tuache kupenda godoro, na watu wakanitazama kwa huruma. Mama Mukubwa aliniomba tasbihi ya bibi yangu, nikampa. Mke wa yule wa Salamabila aliuomba mkeka, nikampa. Nilikaa msibani siku zote nikipokea sifa za sala, na sikusema kitu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, nilishangaa jinsi kunyamaza kulivyo rahisi.

Halafu ile tezi yangu ikaanza. Mtu wa usingizi wa uprofesa, sasa ninaamka mara tatu, ninaunyanyua mlango polepole ingawa hakuna wa kumwamsha, ninakwenda bafuni na birika lake. Nikiwa pale, na udongo baridi chini ya miguu, masikio yanasimama yenyewe. Yanangoja kikohozi. Sasa ninajua urefu wa njia ile. Siku niliyotoboa ukuta kuweka dirisha niliipima nyumba yote kwa kamba, lakini njia ile sikuipima.

Mwezi uliopita, asubuhi, Mama Mukubwa alikuja dirishani na kopo lake la sukari. Wamama wengine walikuwepo, kama siku ile.

"Ninasikia birika tena usiku, mwanangu," akasema, na machozi yalimlengalenga. "Umerithi sala zake."

Utani ulikuja wenyewe, nilikuwa na mizaha miwili tayari. Nikaweka chini kipimo cha sukari.

"Hapana, Mama Mukubwa. Ninakojoa."

Mmoja nyuma akaguna kicheko. Nikaendelea kabla sijaogopa.

"Na yeye alikuwa anakojoa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alisali, ndiyo, lakini aliyemwamsha ni mkojo, na mimi nilijua. Ni mimi niliyewaambia ninyi sala. Dispanseri waliniuliza, nikawaambia sala."

Mke wa yule wa Salamabila aliweka mkono mdomoni. Mama Mukubwa alichukua kopo lake likiwa tupu, akaondoka bila kuaga, na wengine wakaondoka mmoja mmoja nyuma yake. Siku ile sikuuza hata sabuni. Nilisema basi, nimemuua mara ya pili, sasa nimemwondoa na peponi.

Jioni Mama Mukubwa alirudi, akaketi kwenye kiti cha jikoni, kile alichokalia bibi yangu akiwa amefunga mguu. Alifunga na kufungua pindo la kitenge chake. Mwisho akasema:

"Mimi ni mara ine."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuwa hai. Nilifikiri ni birika lake linaloniamsha."

Akanyoosha miguu nione. Ilikuwa imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Kesho yake mimi, mtu ambaye hasafiri, nilipanda naye pikipiki mpaka hopitali kubwa. Ni tansiyo. Wamempa vidonge vya asubuhi, wamemwambia apunguze chumvi, na mchana akae miguu juu ya kigoda, jambo ambalo anasema ni uvivu wa kwangu mimi. Sasa anaamka mara moja, au haamki. Juu ya bibi yangu hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sikumuuliza. Alisema tu kwamba yule mume wa Salamabila alirudi, hilo haliwezi kubadilishwa. Tasbihi hakuirudisha.

Na dirishani, ninapopima sukari, ninamuuliza kila mtu mwenye mvi anaamka mara ngapi. Wananicheka. Wamenipa na jina ambalo sitaliandika hapa. Lakini wawili wamekwisha kwenda kupimwa.

Jana mvua ilinyesha mpaka usiku. Ilipokatika niliamka, mara yangu ya pili, nikachukua birika nikatoka. Giza lilikuwa zito, migomba inadondosha maji. Nilikwenda kwa vidole, ninashika ukuta, nikafika kwenye ile pembe yake nikasimama.

Upande wa pili wa ua, mtu alikohoa.

Akaacha kidogo, akakohoa tena, polepole, kama tulivyofundishwa wote. Kilikuwa kikohozi cha bibi kizee, kikavu. Nilisimama pale na birika lake mkononi, nikasahau kilichonitoa nje. Nikasikiliza tu mpaka alipochoka.